Njia ya Kwenda Pwani

Kama unakaa katika kijiji cha mwambao, jaribu siku moja kuwahesabu watu wanaoshuka pwani. Alfajiri wanashuka wavuvi na nyavu zao. Maji yakipwa wanashuka akina mama wa mwani na wachokoaji wa pweza. Mafundi wanashuka kukalafati vyombo. Wachuuzi wanashuka na ndoo na baiskeli. Jioni watoto wanashuka kuoga. Kila mmoja ana chombo chake, kamba yake au ndoo yake. Lakini njia wanayopita haina mwenyewe. Ni ya watu wote, na ilikuwako tangu enzi za mababu.

Njia ya namna hii mara nyingi haina karatasi. Hakuna aliyeiandika kwa sababu hakuna aliyeikataa. Basi siku mtu anapokuja na kuizungushia uzio, kijiji kizima hushikwa na butwaa. Wazee husema, "Hii ni njia yetu." Mwenye kiwanja hujibu, "Nionyesheni ilipoandikwa." Hapo mazungumzo hukwama.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini juu ya pwani, na kijiji kifanye nini ili njia yake isipotee. Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na hatutazieleza hapa.

NJIA MBILI, SI MOJA

Ukisikiliza ugomvi wa pwani kwa makini, utaona kuwa watu wanagombania njia mbili tofauti.

Kuna njia ya kushuka pwani. Hii inatoka kijijini, inapita kwenye mashamba na viwanja, inafika mchangani. Huzibwa kwa ukuta, seng'enge au geti.

Kuna pia njia ya kupita pwani. Hii iko juu ya mchanga wenyewe, kutoka diko moja hadi jingine. (Diko ni mahali wavuvi wanapopandisha vyombo na kushusha samaki.) Njia hii huzibwa kwa kamba, au kwa vitanda vya kuotea jua, au kwa mlinzi anayesema, "Hapa ni mahali pa wageni tu."

Ni lazima kuzitofautisha, kwa sababu ya kwanza inapita juu ya ardhi ambayo mtu anaweza kupewa hati yake. Ya pili inapita mahali ambapo bahari hufika. Kijiji kinaweza kushinda ugomvi wa njia moja na kushindwa ule wa pili. Kijiji chenye njia ya kupita pwani lakini hakina njia ya kushuka ni kama mtu aliyepewa kisima akanyimwa kamba.

TUFANYE HESABU

Wengine husema, "Njia ikizibwa si wazunguke tu?" Tuwajibu kwa hesabu.

Mwani wa kuuza ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, na baadaye kilimo hicho kikaenea mwambao wa Bara. Wakulima wengi ni wanawake. Kazi yao inafuata maji. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na mashamba ya mwani hufikika kwa miguu. Lakini mkulima hana siku nzima. Ana saa chache tu, kisha maji yanarudi. Wala hawezi kuchagua saa anayoitaka, maana saa ya maji kupwa husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50.

Tuchukue kijiji cha mfano, wala tusikipe jina. Njia ya zamani kutoka ufukoni mpaka kwenye chanja za kuanikia ilikuwa mita 300. Mama mmoja amevuna magunia matano ya mwani mbichi. Kwa kila gunia anakwenda mita 300 na kurudi mita 300, jumla mita 600. Mara tano ni mita 3,000, yaani kilometa 3.

Sasa njia imezibwa. Anazunguka uzio wote, na safari ya upande mmoja imekuwa mita 1,800. Kwenda na kurudi ni mita 3,600. Mara tano ni mita 18,000, yaani kilometa 18. Nusu ya mwendo huo ana gunia lililolowa maji kichwani.

Hakuna mama atakayefanya hivyo. Atabeba magunia mawili, na matatu yatabaki. Msimu unaofuata atapanda kidogo, na mwishowe ataacha. Hakuna aliyemkataza kulima mwani. Njia ndiyo iliyomkataza.

Kwa wavuvi hasara ni ya namna nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Wavuvi hushuka magharibi na kurudi usiku wa manane au alfajiri, kulingana na maji na upepo. Geti linalofunguliwa asubuhi na kufungwa saa 12 jioni linaweza kuitwa njia kwenye karatasi. Kwa mvuvi wa dagaa ni ukuta.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye hati hana ardhi yenyewe. Ana haki ya kuitumia kwa masharti. Sheria hiyo hiyo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukoni miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto.

Hapa wengi hukosea. Husikia "mita 60" wakadhani sheria imewapa njia ya upana huo. Sivyo. Kifungu hicho kinakataza jengo na mambo mengine ya kudumu yanayoweza kuharibu pwani. Kinalinda ukingo. Hakisemi kwamba mwanakijiji apite hapa au pale. Kwa hiyo ukikuta ukuta wa mawe ndani ya mita 60, una hoja nzito ya kupeleka kwa ofisa mazingira wa wilaya. Ukikuta kamba na mlinzi, hoja hiyo peke yake haitoshi. Utahitaji kuonyesha kwamba watu hupita hapo, tangu lini, na kwa kazi gani.

Kuhusu njia ya kushuka, Sheria ya Ardhi inazitambua njia za umma zinazopita katika ardhi iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na imeweka utaratibu wa kuomba njia ya jumuiya iwekwe rasmi. Maombi hayo hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi. Ni safari ndefu ya makaratasi, lakini ipo, na ni vizuri halmashauri ya kijiji ikaijua.

Jirani zetu wa Kenya wameliandika jambo la ufuko katika Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 62 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ni maneno mafupi na yanaeleweka. Hata hivyo, ugomvi wa njia za kushukia haukwisha huko, kwa sababu ile ile tuliyoieleza: mchanga ni wa umma, lakini viwanja vimesimama kati ya kijiji na mchanga.

MITA 60 KUTOKA WAPI?

Swali hili limeleta maneno mengi kuliko yote. Bahari haikai mahali pamoja. Wakati wa maji mafu haipandi sana. Wakati wa bamvua hupanda mpaka mizizi ya minazi. Katika ufuko ulio tambarare, tofauti kati ya alama hizi mbili inaweza kuwa hatua nyingi. Mtu akipima kutoka alama ya maji mafu, mita zake 60 zinaanzia karibu na bahari zaidi, na jengo lake litasogea huko huko.

Alama ya bamvua si vigumu kuiona. Tazama mstari wa majani, vijiti na makumbi ambayo maji huyaacha juu ya mchanga. Wanakisomo wanaweza kufanya zoezi hili wenyewe. Chukueni kamba ya mita 20. Anzeni kwenye mstari huo, elekeeni nchi kavu, nyosheni kamba mara tatu. Mtakapofika, chomekeni kijiti.

Kijiti hicho si mpaka wa kisheria. Mpaka hupimwa na mpima ardhi mwenye vyombo vyake. Kazi ya kijiti ni kuwaambia kama kuna haja ya kumwita.

UKUTA UNAOKULA NJIA

Iko njia nyingine ya kupoteza pwani, ambayo hakuna anayekuja na hati wala mlinzi.

Bahari husogea. Wazee wa Pangani wanakijua Kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa lote. Mtu aliyejenga karibu na maji huona bahari inamjia, naye hujenga ukuta wa mawe kuizuia. Tusimlaumu haraka, anaokoa mali yake. Lakini wimbi likipiga ukuta wima halitulii kama linapopanda mchanga. Hurudi kwa nguvu na kuchukua mchanga ulio mbele ya ukuta. Mwaka hadi mwaka ufuko hupungua. Mwisho wake maji yakijaa hugonga ukuta wenyewe, na mahali watu walipokuwa wakipita na baiskeli ni maji matupu. Pembeni mwa ukuta nako bahari hula zaidi, na jirani naye hulazimika kujenga wake.

Kwa hiyo wanakijiji wanapouliza juu ya ukuta, wasiulize tu kama umeziba njia leo. Waulize ufuko utakuwaje baada ya miaka kumi.

SIKU YA MKUTANO MKUU

Sasa tumefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mara nyingi njia ya pwani haipotei siku uzio unapojengwa. Hupotea kabla, siku ardhi ilipotolewa, nasi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukisikiliza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasimamia ardhi ya kijiji. Ardhi hiyo ikitakiwa kwa uwekezaji, lazima kwanza ihaulishwe, yaani itolewe katika ardhi ya kijiji na kuwekwa kundi jingine. Kama eneo ni hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini mapendekezo ya mkutano lazima yazingatiwe. Tena ardhi haihaulishwi mpaka kiasi cha fidia, aina yake na wakati wa kuilipa viwe vimekubaliwa.

Ardhi ikishahaulishwa, haiwi tena ya kijiji. Kijiji hakiwezi kurudi mwaka unaofuata na kusema, "Tulisahau njia." Wakati wa kudai njia ni kabla ya kunyoosha mikono.

Katika mikutano hii mgeni hueleza mambo mazuri. Atasaidia zahanati, atachimba kisima, atawapa vijana kazi. Yote hayo yana faida, na si vibaya kuyapokea. Lakini mwananchi mmoja na asimame aulize: Njia yetu ya kushuka iko wapi kwenye ramani hii? Upana wake mita ngapi? Ngalawa ikibebwa na watu itapita? Itakuwa wazi usiku? Diko letu limebaki ndani au nje ya mpaka? Makaburi je? Kama njia haikuchorwa, iombwe ichorwe hapo hapo, kabla ya kura.

Kisha isikilizeni kazi ya kalamu. Mambo yote yaliyokubaliwa yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na muhtasari usomwe kwa sauti. Ahadi iliyotamkwa na haikuandikwa haina pa kushikwa. Na jambo moja dogo lenye hatari kubwa: karatasi ya mahudhurio ni ya mahudhurio tu. Isiambatanishwe na karatasi nyingine kuonyesha kwamba wote waliofika walikubali. Soma kichwa cha karatasi kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Kusoma tulikojifunza darasani kuna kazi yake hapa.

Kijiji chenye busara hakingoji mgeni. Sheria ya mwaka 2007 ya mipango ya matumizi ya ardhi inakipa kijiji nafasi ya kutengeneza mpango wake. Humo njia, diko, mahali pa kuanikia na makaburi huchorwa na kupewa mipaka. Halmashauri ya kijiji inaweza pia kutunga sheria ndogo ya kuzilinda njia hizo, na ikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vilivyo karibu na miji viharakishe zaidi. Eneo likigeuzwa kuwa mji, mamlaka ya Mkutano Mkuu juu ya ardhi hukoma.

NJIA IKIWA IMEKWISHA ZIBWA

Usikate uzio. Najua hasira inavyokuwa unapokuta seng'enge mahali ulipopita na bibi yako. Lakini ukiukata, kesho yake kesi haitakuwa ya njia. Itakuwa kesi ya jinai ya kuharibu mali, na mshitakiwa ni wewe.

Anzeni kwa kuzungumza. Si kila mwenye hoteli ni mwonevu. Wengine walinunua kiwanja bila kuambiwa kuwa kuna njia. Wengine waliibiwa wakajenga uzio kwa hofu. Ziko njia zilizofunguliwa tena kwa makubaliano mepesi: watu wapite ukingoni mwa kiwanja badala ya katikati, na kijiji kisaidie ulinzi. Makubaliano hayo nayo yaandikwe.

Mazungumzo yakishindikana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Liko pia Baraza la Kata. Zamani baraza hili lilikuwa linaamua kesi za ardhi, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina uwezo wa kuamua. Asiyeridhika hapo hukata rufaa Mahakama Kuu.

Kote huko mtaulizwa ushahidi. Wazee wanaoijua njia waandikwe majina na umri wao wangali hai. Andikeni alama: mkwaju, kisima, kaburi, mawe ya kufungia vyombo. Pimeni urefu na upana. Kama kuna picha ya zamani ya harusi au ya kushusha chombo baharini inayoonyesha njia, itunzeni.

Barua ya kwanza haihitaji maneno makubwa. Inaweza kuwa hivi:

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji cha ............
Tarehe ............

YAH: KUZIBWA KWA NJIA YA PWANI

Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni wakazi wa Kitongoji cha ............ Njia inayotoka ............ mpaka diko la ............ imezibwa kwa uzio tangu tarehe ............ Njia hii ina urefu wa mita ...... na upana wa mita ...... Inatumiwa na wavuvi, wakulima wa mwani na watu wengine. Wazee wanaoijua ni ............, ............ na ............

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, tuonyeshwe ramani ya kiwanja hicho na muhtasari wa mkutano uliokitoa. Pili, jambo hili liwekwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao.

Majina na sahihi ............

Andikeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili Ofisa Mtendaji aipige mhuri, aandike tarehe aliyoipokea, na mrudi nayo. Msiiache kwa kuambiwa mhuri hauko; ngojeni au rudini kesho. Karatasi hushika unyevu upesi huku pwani, kwa hiyo nakala hiyo iwekwe katika kopo lenye kifuniko kinachobana, nyumbani kwa mtu anayejulikana na wote.